Mvua za Machi zimeanza: mputa wa Majanji watafutwe wapi?

Kila mwaka mvua za kwanza zikigonga mabati Busia, Uganda, jamaa wa mjini huanza kuuliza: mputa (sangara) wameingia? Wanataka kusikia ndiyo au hapana, wabebe mishipi waje Majanji, mwalo wetu wa wavuvi kando ya Ziwa Victoria. Jibu langu ni refu kuliko wanavyopenda.

Wameingia, ila usiwafuate pale ulipowaacha mwezi wa saba. Hapo ndipo petroli ya watu inapoishia. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini-mashariki hulikoroga Ziwa Victoria hadi chini, oksijeni ikafika vilindini, na mputa akaweza kukaa karibu popote. Ikifika Machi, baada ya miezi ya jua, ziwa huwa limejigawa tabaka: maji ya uvuguvugu juu, ya baridi chini, na hayo ya chini yameishiwa hewa. Ngege (sato) huvumilia hewa kidogo, mputa hawezi. Waliokuwa mwaloni mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 wanakumbuka mizoga ya mputa ilivyosukumwa ufukweni, mikubwa kwa midogo. Watu walinong'ona habari za sumu. Serikali ikaeleza kwamba oksijeni ilikuwa imeshuka. Mimi nilishawishika na maelezo ya serikali, maana sumu isingechagua mputa ikawaacha wengine.

Kwa hiyo mwanzo wa mvua natafuta maji kwanza, samaki baadaye. Na katika Ghuba ya Berkeley, hapa Majanji, maji ya kutafuta yanaonekana kwa macho. Mto Sio unapofurika huleta tope hadi ghubani, na tope hilo halichanganyiki mara moja na maji ya ziwa. Kunabaki mpaka. Upande mmoja maji ni rangi ya chai ya maziwa, upande wa pili ni kijani kilichokolea, na katikati kuna mstari wa povu, vipande vya mafunjo na magugu maji yaliyokatika. Mukene (dagaa) na nkejje (furu) hujazana kwenye mstari huo. Ukiona mdiria, wale ndege wala samaki, wamesimama hewani wakipiga mabawa kisha wanajitupa majini mahali pamoja, usiulize tena. Kaa upande wa maji safi, zima injini, acha upepo ukusukume polepole sambamba na povu.

Halafu pima kina. Vifaa vya kisasa vipo, lakini mshipi wenye chubwi (kizito cha risasi) nzito na fundo kila pima moja unatosha, na unakwambia jambo ambalo namba peke yake haisemi. Chubwi ikitua kwenye tope inazama na kunata. Ukiinua unahisi inang'oka. Ikitua kwenye mwamba inagonga, mkononi unasikia kitu kigumu kabisa. Mahali inapogonga, ukasogea kidogo ikaanza kunata, hapo ndipo penye ukingo, na mputa hupenda ukingo. Mpaka wa tope ukipita juu ya ukingo wa mwamba, tia nanga. Hapo hata mimi nakaa kimya.

Chambo nitakisemea zaidi, kwa sababu ndicho kinachobishaniwa sana mwaloni. Wapo wanaoapa kwa nkejje, na ni kweli mputa hampiti nkejje hai. Tatizo nkejje hafiki mbali: ukimchoma vibaya amekufa kabla mshipi haujatulia. Mtoto wa kambare ni mvumilivu zaidi, kwa kuwa anaweza kuvuta hewa ya juu, na ndoo moja ya maji inakaa nao tangu asubuhi bila shida. Mchome juu ya mgongo, nyuma kidogo ya kichwa, ndoano ipite kwenye nyama tu. Ukigusa uti wa mgongo umemlemaza, na chambo kisichotikisika hakimvutii mputa. Mwachie urefu wa mkono mmoja hivi kutoka kwenye chubwi ili aogelee juu kidogo ya chini. Tena tumia mshipi mnene sehemu hiyo ya mwisho. Mputa hana meno ya kukata, ila mfuniko wa matamvua yake una makali, na akianza kutikisa kichwa juu ya maji mshipi mwembamba hauponi.

Anapokula hang'ati, anafungua kinywa na chambo kinavutwa ndani pamoja na maji. Mkononi unahisi mguso mzito mmoja, kisha kimya. Vijana huvuta hapo hapo. Subiri mshipi uanze kutembea, ndipo ukaze.

Saa nzuri ni magharibi na alfajiri, mwanga unapokuwa hafifu, maana macho ya mputa yanaona kwenye giza kuliko ya windo lake. Lakini dhoruba za ziwa hili nazo hupenda usiku na alfajiri. Radi ikianza kumulika upande wa kisiwa cha Sigulu, kunja mishipi hata kama samaki wanakula. Jaketi la kuokolea livaliwe tangu mwaloni, lisifanywe mto wa kukalia. Na kumbuka Kenya iko ndani ya ghuba hiyo hiyo na hakuna uzio majini. Ukielea na povu kuelekea mashariki bila kuangalia, utajikuta unaulizwa karatasi na askari usiowafahamu. Upande wetu pia, mwaka 2017 wanajeshi waliletwa kulinda ziwa, basi leseni iwe mfukoni.

Jambo la vipimo halina mjadala: mputa chini ya sentimita 50 haruhusiwi. Mimi nimechora alama kwenye kasia, nampima akiwa bado ubavuni mwa mtumbwi. Usimpandishe kwa pupa kutoka kwenye kina. Akivutwa haraka bondo, mfuko wake wa hewa, hujaa upepo, tumbo linavimba, na hata ukimrudisha anabaki kuelea ubavu juu, chakula cha ndege. Mvute taratibu, ukimpumzisha njiani, na mkono unaomshika uloweshe kwanza.