Muulize Shangazi: Binti yangu asaini upande upi kuhusu jela za wanawake?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi nipo Makorora hapa Tanga, tuna kikoba chetu cha kina mama tunakutana kila Jumapili. Juzi mwenzetu mmoja katuletea klipu ya wasapu inasema Uingereza wanaume wanajiita wanawake halafu wanafungwa jela moja na wanawake, basi kikao chote kikaishia hapo hata marejesho hatukuhesabu, huyu anasema uzushi huyu anasema mwisho wa dunia. Nina binti anasoma huko huko, nikampigia, akanambia mama ni kweli ila sio kama inavyosimuliwa, na kwamba chuoni kwao kuna watu wanakusanya saini ili waliobadili jinsia watolewe jela za wanawake na wengine wanakusanya saini za kupinga, na kote kote ana marafiki. Sasa ananiuliza mimi mama yake asaini wapi. Nimjibu nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Klipu yenu ina ukweli ila imekatwa kichwa na mkia, ngoja nikupe habari yenyewe maana hili jambo nimelifuatilia miaka na linaniuma.

Mwaka 2017 mfungwa anayeitwa Karen White, aliyezaliwa mwanaume na akasema yeye ni mwanamke, alipelekwa gereza la wanawake la New Hall kule Wakefield, na hapo tayari alikuwa na rekodi ya makosa ya ngono na bado ana kesi ya ubakaji inamsubiri. Humo ndani akawadhalilisha wanawake, kesi ikaenda, Oktoba 2018 akahukumiwa kifungo cha maisha na serikali ikaomba radhi. Radhi! Wale wanawake hawakuwa na mlango wa kukimbilia, ukiwa jela funguo anazo askari, wewe unalala pale ulipopangiwa na yule uliyepangiwa.

Halafu Januari 2023 kule Scotland ikaja ya Isla Bryson, aliyepatikana na hatia ya kubaka wanawake wawili kabla hajaanza kujitambulisha kuwa mwanamke. Kwanza alipelekwa Cornton Vale, jela ya wanawake, akawekwa peke yake, watu wakapiga kelele mpaka Nicola Sturgeon aliyekuwa kiongozi wa serikali ya Scotland akasimama bungeni kusema hatakaa pale, akahamishiwa ya wanaume. Mwezi uliofuata England na Wales wakakaza utaratibu, kwamba aliyebadili jinsia ambaye bado ana maumbile ya kiume au ana kosa la ngono au la kutumia nguvu haendi jela ya wanawake mpaka waziri mwenyewe aridhie, na iwe kwa sababu ya pekee sana. Tarehe 16 Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya Uingereza nayo ikasema neno mwanamke kwenye Sheria ya Usawa ya 2010 maana yake ni aliyezaliwa mwanamke. Hiyo kesi ilifunguliwa na kikundi cha wanawake wa Scotland, kwaiyo usidhani saini na vikao vya watu wa kawaida havifiki popote.

Sasa sikiliza upande wa pili, usiuruke. Novemba 2015 kuna mtu wa miaka 21 aliyekuwa anaishi kama mwanamke tangu ujana wake, akafungwa jela ya wanaume kule Leeds, na alishasema kabla kwamba akipelekwa huko atakufa, akakutwa amekufa seli. Mwaka huo huo mwingine alipelekwa jela ya wanaume Bristol, watu zaidi ya 100,000 wakasaini ahamishwe na akahamishwa kweli. Na Marekani toka 1994 mahakama yao kuu iliamua kwenye kesi ya Farmer kwamba wakuu wa gereza wakijua kabisa mfungwa yuko hatarini kudhuriwa na wakakaa kimya wamevunja katiba. Huyo Farmer alikuwa amebadili jinsia, akawekwa na wanaume, akasema wamembaka.

Mimi nasema hivi na sitafuni maneno. Mtu mwenye hatia ya kubaka wanawake hafai kulala bweni moja na wanawake, ajiite jina lolote. Na mtu dhaifu hafai kutupwa kwa wanaume waliomzidi nguvu ili wengine tupate usingizi. Yote mawili ni dhamana ya serikali maana ndiyo iliyowafungia. Njia ya tatu ipo, kwenye gereza la Downview karibu na London walifungua sehemu ya pembeni mwaka 2019 kwa ajili ya hawa hawa waliobadili jinsia, wanalala kwao. Inahitaji hela na askari, na ndio maana watu wanaona rahisi kugombana kuliko kujenga.

Kinachonikera kwenye kampeni zote ni kwamba wafungwa wanawake wanatajwa kila siku ila hawaulizwi. Huko England hawafiki hata asilimia 5 ya wafungwa wote, na wengi wao walishapigwa au kubakwa kabla hawajaingia jela. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya huko ilisema utaratibu wa wakati ule, ulioruhusu baadhi ya waliobadili jinsia kuwekwa jela za wanawake, ni halali, lakini hata jaji alikubali kwamba hofu ya wafungwa wanawake ipo na inaeleweka. Kwaiyo mwambie binti aombe karatasi zote mbili, azisome mpaka chini, aangalie ipi inasema wale wanaohamishwa watalala wapi na ipi inataka wanawake wa ndani wasikilizwe. Kama hakuna hata moja inayosema, asisaini, awaambie rafiki zake waiandike upya, atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko saini.

SWALI: Shangazi samahani, hao si wahalifu tu, kwanini tuwahurumie? *Msomaji, Barabara ya 12 Ngamiani*

JIBU: Mwanangu, adhabu aliyopewa na hakimu ni kufungwa. Kubakwa haikuandikwa kwenye hukumu. Katiba yetu ibara ya 13 inakataza mtu kuteswa au kupewa adhabu ya kumdhalilisha, na haijasema isipokuwa wafungwa.

Miaka ya nyuma nilikuwa naenda kumtazama ndugu yangu gerezani. Unapanga foleni juani na kimfuko chako, ukifika getini askari wa kike anatoa sabuni ya mche anaikata kwa kisu katikati aone kama umeficha kitu, kisha anakurudishia vipande. Siku moja nikamuuliza ndugu yangu anachokitamani ni nini, nikajua atasema chakula. Akasema kuoga bila kutazamwa. Basi kila nikisoma habari hizi za Ulaya namkumbuka yeye na kanga yake moja.

SWALI: Ni mimi tena wa Makorora. Baada ya ule ugomvi tumekubaliana kikoba kiende kuwaona wanawake walio gerezani hapa hapa kwetu. Tubebe nini?

JIBU: Hapo umenifurahisha sana. Andikeni barua kwa mkuu wa gereza kwanza, msiende kienyeji mkaja kurudishwa getini. Bebeni pedi nyingi, ndio kitu watu wanakisahau wakati hata kanuni za Umoja wa Mataifa za 2010 kuhusu wafungwa wanawake zinasema wapewe bure. Sabuni za mche, kandambili, mafuta ya kupaka, nguo za ndani mpya. Na nepi na nguo za watoto, maana wapo walioingia na vichanga na wanaishi nao humo humo. Vyakula ulizieni kabla. Mkifika msiwaulize wamefanya kosa gani, waulizeni majina ya watoto wao.