Usiniombe Plani ya Nyumba Yangu

Wiki jana dada mmoja wa Kinangop, kule juu kwenye baridi, aliniandikia. Amenunua ploti Joska, kule tambarare kwenye joto, ile ya kawaida ya futi 50 kwa 100, na anataka kuanza mjengo Januari. Ombi lake lilikuwa fupi: "Mama, niliona picha ya nyumba yako ikanipendeza sana. Naomba unitumie plani."

Picha yenyewe naijua. Niliipiga siku ya kuhamia Ruai, mashariki mwa Nairobi, mwaka 2021. Dirisha kubwa la sebule linang'aa, paa la rangi ya makaa limenyooka, na juu yake dohani ya mawe imesimama kama mnara wa kanisa.

Dada, plani sikutumii. Si uchoyo. Ile nyumba unayoiona kwenye picha imenitesa miaka mitatu, na nusu ya yaliyo mazuri ndani yake leo hayakuwa kwenye plani kabisa.

Nianze na dohani, maana najua ndiyo unayoitamani. Mimi ni msichana wa Limuru. Kule kwetu mwinuko unapita mita 2,000, na Julai ukungu unaweza kutulia juu ya majani chai hadi saa nne asubuhi. Nimekua nikiokota kuni. Watu wa maana kijijini, yule mwalimu mkuu na yule mzee aliyekuwa na lori, walikuwa na sebule zenye mahali pa kuota moto, na mimi nilijiapia kwamba siku nikijenga yangu, itakuwa nayo. Kwa hiyo tulipopata ploti Ruai, chini kule kwenye tambarare ambako jua halina aibu, nilichora ndoto ya mtoto wa Limuru. Vyumba vya kulala nikaviwekea madirisha madogo ili baridi isiingie. Yale matundu ya hewa ya juu ya dirisha nikaamuru yazibwe. Paa nikachagua rangi nyeusi nyeusi. Na dohani.

Moto umewashwa mara mbili. Mara ya kwanza wakwe walipokuja kuiona nyumba. Baada ya dakika kumi wote walikuwa nje chini ya mti wa jirani wakijipepea kwa sahani. Mara ya pili mzee wangu alichoma karatasi zake za zamani za kazini.

Tulipanga vizuri pesa, hilo lazima niseme. Mkopo wa chama, shamba dogo tukauza, vibali tukapata. Miezi kumi na moja ya mjengo siwasimulii, kila aliyejenga anaijua. Kosa halikuwa kwenye pesa. Kosa lilikuwa kwenye swali la kwanza kabisa, siku mchoraji alipokuja kuiona ploti. Aliuliza, "Geti litakuwa wapi?" Nikamwonyesha barabara. Akageuza nyumba itazame geti, nami nikafurahi, kwa sababu nani hajengi ili wapita njia waone? Hakuna aliyeuliza jua linazama wapi. Lilikuwa linazama palepale getini.

Hesabu yake nimeielewa baadaye, kwa maumivu. Nairobi iko nyuzi moja na kidogo tu kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua liko karibu juu ya utosi, kwa hiyo paa ndilo linalochapwa, si kuta. Lakini asubuhi na jioni jua huja limelala, na linaingia moja kwa moja kwenye ukuta wa mashariki na wa magharibi. Paa litokeze futi mbili au hata tatu, haliwezi kulizuia, linapita chini yake. Kuta za kaskazini na kusini ndizo zenye bahati. Juni jua huegemea kaskazini, Desemba kusini, lakini mchana bado liko juu, na paa lililotokeza kidogo linatosha kuzipa kivuli. Sasa fikiria mtu aliyechukua dirisha lake kubwa kuliko yote, vioo vitupu kutoka kiunoni hadi karibu na silingi, akaliweka magharibi.

Na mawe yetu ya Ndarugo nayo si mchezo. Ukuta wa mawe ni kama chungu, unachelewa kupata moto na unachelewa kupoa. Unashiba jua kuanzia saa tisa, halafu saa tatu usiku, Ruai nzima imeshapoa na upepo mzuri unapita nje, ukuta unaanza kuwarudishia watoto lile joto kitandani. Madirisha madogo. Matundu yamezibwa. Mdogo wangu alinunua kipimajoto cha bei rahisi akakitundika sebuleni. Saa kumi na moja jioni, Februari, kilisoma nyuzi 31. Tukanunua feni mbili. Mtu wa Limuru, nalipia stima ya feni!

Basi dada, kabla ya mchoraji, simama kwenye ploti saa kumi na moja jioni. Tazama jua. Ukitoka na jambo moja tu kwenye makala hii, liwe hilo. Pande ndefu za nyumba zitazame kaskazini na kusini, hata kama geti liko kwingine. Magharibi weka stoo, choo, ngazi, ukuta wenye kitundu kidogo. Madirisha yatazamane ili upepo ukiingia upate pa kutokea. Matundu ya hewa ya juu, yale ya nyumba za zamani za Nairobi tunayoyadharau, yaache. Paa la rangi nyepesi hurudisha jua. La rangi ya makaa hulimeza. Chini ya mabati tandika ile karatasi ya kung'aa, kisha silingi, na uache hewa ipite katikati.

Sasa upepo.

Novemba 2023, zile mvua za El Niño. Alasiri moja mbingu za upande wa Kangundo Road zikawa nyeusi, watoto wakaanua nguo, na kabla mvua haijaanza vizuri nikasikia mlio kama lori linamwaga kokoto juu ya paa. Veranda iliondoka yote, mabati na mbao zake, ikapita juu ya ukuta kama shuka, ikalala kwenye ploti ya tatu. Na kwa sababu veranda ilikuwa imeunganishwa na paa kubwa, nyongeza ya kujivunia hiyo, mabati moja kwa moja hadi nje, ilichukua pia safu mbili za juu ya sebule. Mvua ikamalizia kazi. Makochi, silingi, kabati la vyombo. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini mwanangu wa mwisho mpaka leo upepo ukivuma anakuja kulala kwetu.

Fundi wa pili alipopanda juu kutengeneza, aliniita nipande nione mwenyewe. Kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zilikuwa zimekaa juu ya ukuta kwa misumari tu. Nilikuwa nimelipia roli mbili za mikanda ya chuma ya kufungia paa, ile mafundi huita hupaini. Risiti ninayo hadi leo, iko kwenye droo pamoja na vyeti vya watoto. Juu kule hapakuwa na hata kipande cha kidole. Fundi wa kwanza simtaji jina, na simu zangu hashiki. Alikula ugali mezani kwangu karibu mwaka mzima.

Watu hudhani upepo husukuma paa. Zaidi huling'oa. Ukipita kasi juu ya paa unalivuta kwenda juu, na ukiingia chini ya veranda iliyo wazi unasukuma kutoka chini. Sasa ile mikanda ndiyo inayolishika paa lisiruke. Inazikwa kwenye zege la mshipi unaozunguka nyumba juu ya madirisha, siku ya kumwaga zege, si baadaye. Halafu inapandishwa hadi juu, inazungushwa kwenye mbao na kenchi, inapigwa misumari. Kingo za paa na mgongo wake ndizo upepo unazoanzia, kwa hiyo huko misumari au skurubu ziwe karibu karibu kuliko katikati. Paa la miteremko minne hulitelezesha upepo vizuri kuliko la miteremko miwili lenye pembe tatu zilizosimama wima pembeni. Veranda iwe na paa lake peke yake, ili ikitaka kwenda iende yenyewe. Na paa likitokeza sana upate kivuli, ujue pia umeupa upepo mahali pa kushikia. Mimi sasa nimebaki na futi mbili.

Kuna wale watakaokushauri lile paa la kuficha nyuma ya ukuta, ambalo siku hizi kila mtu analo. Sina ugomvi nalo, ila mfereji wake uko ndani ya nyumba. Ukizibwa na majani siku ya mvua ya Aprili, utajua.

Mambo niliyofanya sawa pia yapo, wacha nijisifu kidogo. Ruai ni udongo mweusi, ule wa blakikotoni, unaovimba ukinyeshewa na kupasuka kiangazi. Baba mkwe, mzee ambaye hakusoma sana, alikaa kwenye kiti cha plastiki akakataa msingi uanze mpaka udongo wote mweusi utolewe. Futi tano hadi tukafika kwenye mwamba. Malori hayo yalinitoa machozi. Kisha akasisitiza sakafu ipandishwe mistari mitatu ya mawe juu ya ardhi. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 maji yalifika kwenye ngazi ya pili ya mlango yakasimama hapo. Jirani aliyesema mimi napoteza pesa, ukuta wake una ufa unaoingia mkono.

Stima nitaipitia haraka. Shawa ya umeme hula kama kilowati 5. Watu watano, dakika kumi kila mmoja, ni uniti nne na kidogo kwa siku, zaidi ya 120 kwa mwezi, na hapo hujapiga pasi hata shati moja. Ukivuka uniti 100 kwa mwezi, pesa ileile ya tokeni inakupa uniti pungufu. Tukaweka hita ya jua ya lita 200. Ila kumbuka maji hayo ni kilo 200 juu ya kenchi, kwa hiyo ziandaliwe tangu mwanzo. Za kwangu ilibidi ziongezewe mbao. Paneli ndogo ya taa na intaneti tuliweka baada ya ile giza ya nchi nzima ya Agosti 2023, na imefungwa kwenye mbao, si kwenye mabati matupu. Tangi la maji ya mvua lina lita 5,000. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja, kwa hiyo paa la mita 120 likipata milimita 40, tangi linakaribia kujaa.

Mwaka jana tuliziba nusu ya dirisha la magharibi kwa mawe, tukafungua matundu, tukapaka paa rangi nyepesi. Februari hii kipimajoto kilisoma nyuzi 27 saa ileile. Nilikipiga picha. Hiyo ndiyo picha ningependa uitamani, dada, ila najua haipendezi.

Watu wetu tukihama tunahamisha sufuria, ng'ombe, hata mawe ya jikoni, na vichwa vyetu vinabaki na baridi ya nyumbani. Tunajengea wapita njia. Tunamwamini fundi kwa sababu anasali kanisa letu. Panda juu mwenyewe, mama. Vaa suruali, panda ngazi, hesabu mikanda, mwache acheke.

Kwa hiyo nitumie wewe picha. Ploti yako saa kumi na moja jioni, na mtoto amesimama upande jua linakozamia. Tutaanzia hapo.

Kuhusu dohani, fundi wa pili alitaka shilingi 15,000 kuibomoa. Mzee wangu amekataa. Njiwa wameingia, na wana makinda.