Cabernet Sauvignon na Merlot: acha pua, sikiliza fizi

Ukiwekewa glasi mbili za mvinyo mwekundu, moja ya zabibu ya Cabernet Sauvignon na nyingine ya Merlot, pua ndiyo itakayokudanganya kwanza. Ile vanila, moshi na kahawa inayokupokea haitoki kwenye zabibu. Inatoka kwenye pipa la mwaloni, na pipa lile lile linaweza kulaza mvinyo wa zabibu yoyote. Wengi huapa wametambua Cabernet kumbe wametambua pipa. Tofauti yenyewe ya hizi mbili iko mdomoni, hasa kwenye fizi.

Aliyewahi kung'ata bibo la korosho anaijua tanini hata kama hajawahi kusikia jina lake. Ni ule ukavu unaobana mashavu na kufanya ulimi ukwame. Chai ya rangi iliyosahaulika jikoni na majani yake hufanya vivyo hivyo. Usiichanganye na uchungu. Uchungu ni ladha na unausikia kwenye ulimi. Tanini ni mguso, na unausikia popote mate yanapopita.

Sasa angalia punje zenyewe. Ya Cabernet ni ndogo, ganda lake nene, na mbegu ni nyingi ukilinganisha na nyama ya ndani. Rangi na tanini hukaa kwenye ganda na mbegu, kwa hiyo juisi kidogo inaloweka ganda jingi. Punje ya Merlot ni kubwa zaidi na ganda lake ni jembamba. Ajabu ni kwamba zabibu hizi ni ndugu wa mzazi mmoja: zote zimezaliwa na Cabernet Franc, Cabernet Sauvignon kwa kuchanganyika na Sauvignon Blanc, ambayo ni nyeupe, na Merlot kwa zabibu ya zamani iitwayo Magdeleine Noire des Charentes.

Mdomoni, Cabernet hugonga mbele. Inakausha fizi za juu nyuma ya mdomo wa juu, kisha katikati ya ulimi inaacha kama shimo, halafu inarudi mwishoni na kukaa muda mrefu. Merlot hufanya kinyume: mwanzo laini, katikati imejaa, mwisho unaondoka mapema. Lile shimo la Cabernet ndilo Merlot inalijaza, na ndiyo maana Bordeaux, kule Ufaransa, wamezichanganya kwa muda mrefu. Ukingo wa kushoto wa mito ya huko, Médoc, ardhi ni changarawe inayotiririsha maji na kushika joto, na Cabernet inayochelewa kuiva inalihitaji joto hilo. Ukingo wa kulia, Pomerol na Saint-Émilion, udongo wa mfinyanzi ni baridi zaidi, na Merlot inayowahi kuiva kwa wiki moja au mbili inaumudu. Kuwahi huko ni bima mvua ya mavuno ikija, lakini kuna gharama yake: Merlot huchipua mapema pia, na jalidi ya masika ya Ulaya huikuta machipukizi yakiwa nje.

Uchachu upime hivi: meza, inamisha kichwa kidogo, usiongee. Mate yakikujaa chini ya ulimi haraka na yasikome, uchachu ni mkubwa. Mara nyingi Cabernet hushinda hapo. Merlot hukusanya sukari upesi shambani, kwa hiyo kileo chake mara nyingi huwa juu kidogo, na utakisikia kama joto kooni.

Baada ya hayo ndipo rudi kwenye pua. Cabernet inanukia Ribena ambayo haijatiwa maji, na pembeni kuna vumbi la penseli iliyochongwa na mnanaa. Ikivunwa kabla ya kuiva vizuri, au majani yakiwa yamefunika vichala, utakutana na pilipili hoho mbichi. Merlot ina plamu na cheri. Kwa asiyezoea plamu, fikiria zambarau iliyoiva sana ukiiondolea ukakasi.

Jaribio lenyewe linataka chupa mbili za mtayarishaji mmoja, mwaka mmoja, na bei inayokaribiana. Hapa ndipo wengi huharibu: wanashindanisha Cabernet ya Chile na Merlot ya Ufaransa, halafu wanachopima ni jua la nchi mbili. Soma lebo pia. Afrika Kusini na Umoja wa Ulaya zinadai angalau asilimia 85 ya zabibu iliyotajwa. Chile ni 75, kwa hiyo robo ya chupa inaweza kuwa kitu kingine. Hata jina lilikuwa na matatizo huko Chile: mwaka 1994 Jean-Michel Boursiquot, mtaalamu wa mizabibu kutoka Ufaransa, aligundua kuwa mizabibu mingi iliyoitwa Merlot ilikuwa Carmenère, zabibu nyingine nyekundu. Na mvinyo wa Makutupora kutoka Dodoma usiuingize humu. Hiyo ni zabibu nyingine kabisa na inastahili meza yake.

Joto la mvinyo liwe nyuzi 16 hadi 18. Ushauri wa "joto la chumbani" ni wa vyumba vya Ulaya, si vya Dar es Salaam au Mombasa. Chupa iliyokaa kwenye nyuzi 30 inahitaji friji kwa kama saa moja na nusu, au ndoo ya barafu na maji kwa dakika kama 12. Ukinywa ya moto, kileo kinapanda puani na kufunika kila kitu. Ikiwa baridi mno, harufu inajifunga na tanini inakuwa kali kuliko ilivyo.

Funga chupa kwa gazeti, mwenzako akumiminie mililita 60 kila glasi. Chukua kiasi cha kijiko cha chakula, zungusha sekunde tano, meza, kisha pitisha ulimi juu ya fizi. Kati ya glasi na glasi kunywa maji na kula kipande cha mkate mkavu. Usile jibini: mafuta na protini zake zinazima tanini, na glasi ya pili itaonekana laini bila haki.

Ukishazitambua, zichanganye. Kwa bomba la sindano lisilo na sindano pima mililita 35 za Cabernet na 15 za Merlot, kisha geuza uwiano. Utasikia shimo la katikati likifunga. Kwangu, 35 kwa 15 ni bora kuliko nusu kwa nusu, ambayo mara nyingi haina uso.

Chakula hufuata tanini. Nyama choma ya ng'ombe yenye mafuta na chumvi ya kutosha ipe Cabernet, kwani protini inashikana na tanini kabla haijafika kwenye fizi. Pilau, au kuku wa kuoka, Merlot inatosha. Samaki iache kando. Mvinyo mwekundu mara nyingi huacha ladha ya chuma. Pilipili kali nayo huongezewa moto na kileo, na tanini hukwaruza pale palipokwisha kuungua.

Cabernet changa imimine kwenye jagi saa moja kabla. Kung'oa kizibo tu hakusaidii, shingo ya chupa inapitisha hewa kidogo mno. Merlot dakika 20 zinatosha. Kinachobaki kifunge na kukiweka friji: Cabernet kesho yake jioni mara nyingi inanyweka vizuri kuliko leo, ila Merlot ya bei nafuu itakuwa imeshapoa ladha, kwa hiyo anzeni kuimaliza hiyo.