Kabla ya kuweka ndege za kweli kwenye gemu ya vita, pima hewa

Jumamosi moja mchana mjomba wangu alipita nyumbani Area C akatukuta sebuleni, laptopu nne mezani, waya zimetambaa hadi mlangoni. Mjomba amefanya kazi ya ufundi wa ndege ndogo kwa miaka mingi. Tulipokwisha kuamkiana nikamwonyesha helikopta tuliyoimaliza wiki ile. Askari wanane wanapanda na silaha zao, rubani anavuta, helikopta inapaa wima kutoka kwenye uwanja wa vumbi hadi mita mia tatu bila kusita. Ramani yetu ni nyanda za hapa kwetu, kuanzia vilima vya mawe vya Dodoma hadi mbuga ya Bahi. Mjomba aliangalia kimya, kisha akauliza: "Sasa mjomba, hii mnairusha Tanga au Dodoma?"

Swali hilo lilitupa kazi ya miezi minne, na naamini ndilo lililoiokoa gemu yetu. Nayaandika haya kwa yeyote mwenye gemu ya vita ya wachezaji wengi, ambayo askari wake wanakimbia na kufyatua risasi vizuri, na sasa anataka ndege zake ziruke kama ndege. Sisi ni vijana wanne, tunatumia Godot, injini ya kutengenezea gemu, kwa sababu ni ya bure na msimbo wake uko wazi, na seva yetu inabeba wachezaji 32. Gemu yako inaweza kuwa kubwa kuliko hiyo, lakini utakwama palepale tulipokwama.

Tuanze na alichokiona mjomba. Kiwanja cha ndege cha Dodoma kiko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Ufukweni, kukiwa na nyuzijoto 15, mita moja ya ujazo ya hewa ina kilo 1.225. Hapa kwetu saa nane mchana, nyuzijoto 30, mita hiyohiyo ina kama kilo 1.02. Imepungua karibu asilimia 17. Bawa la ndege na pangaboi la helikopta hubeba kwa kusukuma hewa chini, kwa hiyo hewa ikiwa haba na mzigo unaobebeka unapungua. Injini nayo inavuta pumzi kwenye hewa hiyohiyo. Ndege ndogo itahitaji mwendo wa juu zaidi kwa kama asilimia 10 kabla magurudumu hayajaacha ardhi, na kwa kuwa inachelewa kuufikia mwendo huo, njia ya kurukia inayoitosha Tanga inaweza kuwa fupi hapa.

Gemu yetu haikujua lolote kati ya hayo. Tuliandika namba moja ya hewa mwanzoni kabisa na hakuna aliyeigusa tena.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: kabla hujagusa umbo la bawa, ipe ramani yako mwinuko na joto. Mistari michache ya hesabu inatosha kupata kanieneo la hewa kwa mwinuko, kisha uzito wa hewa kwa joto, na namba hiyo moja ndiyo uipeleke kwenye kila nguvu inayoigusa ndege. Tulipofanya hivyo, gemu ilibadilika kuliko tulivyotarajia. Asubuhi ya Julai, kukiwa na nyuzijoto 15, hewa ya Dodoma inafika kama kilo 1.07. Ukilinganisha na mchana ni tofauti ya asilimia tano tu, lakini kwa helikopta yetu ya tani nne hizo ni kama kilo 200, yaani askari wawili na silaha zao. Usiku wa kwanza wa majaribio kiongozi wa kikosi alisimama pembeni ya helikopta iliyokataa kupaa, ikabidi achague nani ashuke. Katika miaka miwili ya gemu ile sikuwahi kusikia watu wakibishana namna hiyo kuhusu mpango wa vita. Wiki iliyofuata wakaanza kupanga mashambulizi yao alfajiri.

Usisahau vumbi. Mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa kisulisuli kinavyopita Septemba. Helikopta ikishuka kwenye ardhi kavu inajifunika, na rubani hupoteza macho katika zile mita za mwisho ambazo anayahitaji zaidi. Hapa kuna mtego. Sisi tuliliweka vumbi kwenye mipangilio ya picha, mwenye kompyuta dhaifu aweze kulipunguza. Baada ya siku mbili kila mtu alikuwa amelizima, hata wenye kompyuta nzuri, kwa sababu asiye na vumbi anaona na mwenye nalo haoni. Kitu chochote kinachoziba macho vitani kiamuliwe na seva, kiwe sawa kwa wote. Kama kompyuta fulani haiwezi kuchora vumbi zuri, ipe vumbi baya, lakini lizibe vilevile.

Ukubwa wa ramani ndio uliotutesa kimyakimya. Ramani yetu ya kwanza ilikuwa kilomita nne kwa nne, na kwa mtu anayetembea kwa miguu hiyo ni nchi nzima. Piga hesabu ya ndege ya jeti inayokwenda mita 250 kwa sekunde. Inaivuka ramani hiyo kwa sekunde 16. Ikikata kona kwa nguvu mara tano ya uzito wake, duara lake lina nusu kipenyo cha kama mita 1,300, kwa hiyo kugeuka tu kunameza zaidi ya nusu ya upana wa ramani. Waliotutangulia wengi hutatua hili kwa kuifanya jeti iwe ya pole na ya kona fupi kama pikipiki, na hapo uhalisia umekwisha. Sisi tuliziondoa jeti zote. Iliniuma, kwa sababu moja niliichora mwenyewe kwa wiki sita. Tukabaki na helikopta na ndege ndogo za propela, tukapanua anga hadi kilomita 40, na kuacha eneo la kilomita sita katikati likiwa na nyumba, mifereji na miti ya kujificha. Kwingine ni nyika ya kupita juu.

Ukipanua hivyo jiandae kwa mtetemo. Injini nyingi za gemu huhifadhi mahali pa kitu kwa namba za biti 32. Ukiwa kilomita 20 kutoka katikati ya ramani, hatua ndogo kabisa ambayo namba hiyo inaweza kuishika ni kama milimita mbili, na makosa hayo yanapojumlishana unaona dashibodi ya rubani ikitetemeka kama mtu mwenye homa. Kwenye gemu ya mtu mmoja unahamisha kitovu cha dunia kimfuate mchezaji. Kwenye gemu ya watu 32 kila mmoja anakuwa na kitovu chake na seva haijui imsikilize nani. Godot 4 inaweza kujengwa kwa namba za biti 64. Fanya hivyo mapema, kabla kazi haijakuwa nyingi.

Sasa mtandao. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tulipopoteza muda mwingi tukilaumu kitu kisichohusika.

Tulianza kwa kuiachia seva ihesabu kila kitu, kama tulivyofanya kwa askari. Ilikuwa busara dhidi ya wadanganyifu. Seva tuliikodi Johannesburg, na pingi yetu kutoka Dodoma, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi, ilicheza kati ya milisekunde 90 na 140. Askari anayekimbia mita tano kwa sekunde husogea kama nusu mita ndani ya muda huo, na kwa kukisia kidogo mchezaji hahisi kitu. Lakini rubani akiinua pua ya ndege halafu jibu likamfikia baada ya milisekunde 120, anadhani hajavuta vya kutosha, anaongeza. Jibu la kwanza linafika, pua imepanda mno, anasukuma. Anasukuma kupita kiasi. Ndege inaanza kuyumba juu na chini, kila yumbo kubwa kuliko lililopita, hadi inagonga chini. Marubani wa kweli wanalifahamu tatizo hili, na huwapata wakiwa na ndege ambazo mitambo yake inachelewa kujibu. Sisi tulidhani mabawa yetu yana kasoro. Tuliandika upya hesabu za mkia mara tatu.

Kilichotufumbua macho ni tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ilipokatika na intaneti ya nchi nzima ikadhoofika. Hatukuweza kuifikia seva, tukaunganisha laptopu zetu kwa waya pale sebuleni. Ndege ileile, mkia uleule, ikaruka kama imepakwa mafuta. Mwenzetu mmoja alitua mara nne mfululizo, yeye ambaye hakuwahi kutua hata mara moja.

Tangu siku ile hesabu za kuruka zinafanyika kwenye kompyuta ya rubani mwenyewe, na seva inabaki kuwa mwamuzi: je, mwendo huu unawezekana, mafuta yanalingana na muda, kona hii isingevunja bawa? Ikiona jambo lisilowezekana inamkatalia. Kwa wachezaji wengine tunatumia njia ya zamani iliyotoka kwenye mafunzo ya kijeshi ya Marekani, mradi wa SIMNET wa miaka ya 1980, ambayo baadaye iliingia kwenye IEEE 1278, kiwango cha kuunganisha mazoezi ya aina hiyo kwa mtandao, mwaka 1993. Humtumii kila mtu mahali ndege ilipo kila sekunde mara thelathini. Unatuma ilipo, mwendo wake, inavyoongeza mwendo na inavyozunguka, kisha kila kompyuta inaendelea kuikisia yenyewe. Kompyuta ya rubani nayo inafanya makisio yaleyale pembeni, na pale tu tofauti kati ya makisio na ukweli inapozidi kipimo mlichokiweka ndipo inatuma taarifa mpya. Ndege inayokwenda moja kwa moja haitumi karibu taarifa yoyote. Kwa sisi tunaocheza kwa bando, hiyo ni hela mfukoni.

Jambo jingine dogo lililotuchosha: hesabu za ndege zisifuate fremu za picha. Kwetu laptopu iliyokuwa ikitoa fremu 25 ilipanda vilima vizuri kuliko ile ya fremu 90, kwa ndege ileile. Weka hatua za muda usiobadilika. JSBSim, programu huria ya hesabu za ndege inayotumiwa na FlightGear, gemu huria ya urubani, kwa kawaida hupiga hatua 120 kila sekunde, na hiyo ndiyo tunayoitumia kwa ndege za mabawa. Helikopta tuliziandika wenyewe.

Kuhusu vidhibiti sitasema mengi. Jostiki hapa mjini wanazo wachache, kwa hiyo panga kila kitu kwa kibodi na kipanya kwanza. Kumsaidia rubani kutulia si kudanganya, maana helikopta nyingi za kweli zina mitambo ya kuzituliza. Ila kiwango cha ugumu kichaguliwe na seva. Gemu ya vita ya Arma 3 iliingiza mfumo wa kuruka wa kina mwaka 2014, uliotokana na gemu ya helikopta ya Take On Helicopters, na ikauacha uwe wa hiari. Ni uamuzi mzuri kwa gemu yenye watu wengi wa kila aina. Kwenye seva ndogo kama yetu, rubani wa njia rahisi na rubani wa njia ngumu wakikutana angani, yule aliyejifunza kwa wiki tatu anaonewa.

Na sasa niseme ninachokiamini zaidi. Kwenye seva ya watu 32, marubani ni watatu au wanne. Waliobaki wako chini kwenye mchanga. Uhalisia wa ndege ni mali yao kwanza. Ndege zetu za zamani, zile za kitoto, zilikuwa zikitokea ghafla, zinaua, zinageuka papo hapo, zinaua tena. Mtu mmoja angani aliharibu jioni ya watu thelathini. Ndege ya kweli inahitaji nafasi ya kugeuka, na nafasi hiyo ni muda wa aliye chini kukimbilia korongoni. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mngurumo wa helikopta iliyo kilomita tatu unakufikia baada ya sekunde tisa. Tuliichelewesha sauti kwenye gemu vivyo hivyo. Mdogo wangu wa kike, ambaye hajawahi kutaka kurusha chochote, siku hizi hunyamazisha wenzake wote redioni: "Kaka, tulia. Inatokea upande wa mawe." Na kweli inatokea huko.

Yeye ndiye dereva wetu wa lori la mafuta. Tulipoifanya helikopta ichome mafuta kwa kiwango cha kweli, ikabidi mtu ayapeleke, kilomita kumi na mbili za njia ya vumbi bila miti. Nafasi hiyo hatukuipanga. Ilijitokeza, na watu wasiopenda kufyatua risasi wakaigombania. Jumamosi iliyopita helikopta ilikuwa imeketi ng'ambo ya korongo, tangi tupu, askari sita wamelala kuizunguka, na kila baada ya dakika sauti ilikuwa ikiuliza redioni, "Dada, umefika wapi?" Naye akajibu kwamba amezima lori chini ya mbuyu, kwa sababu anasikia propela kwa mbali na bado hajajua iko upande gani.