Mtoto akirudishwa nyumbani kwa mchango, anza na waraka

Mzazi akinijia na malalamiko ya michango ya shule hapa Pasua, Moshi, huanza na "elimu ni haki ya kikatiba". Namwambia hilo aliweke pembeni kwanza. Nilikuwa mjumbe wa wazazi kwenye kamati ya shule ya msingi, na sikuwahi kuona Katiba ikimshtua mwalimu mkuu. Waraka, ndiyo.

Elimu bila ada ya leo imesimama juu ya Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, yaani agizo la maandishi la Wizara ya Elimu, ulioanza kutekelezwa Januari 2016, kuanzia awali hadi kidato cha nne. Kidato cha tano na cha sita viliongezwa 2022. Sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa vimebaki kwa mzazi, kwa hiyo usipoteze nguvu kubishania makande. Ruzuku ambayo serikali huipa shule kwa kila mwanafunzi wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Kwa mwaka, si kwa mwezi! Ukijua hivyo utaelewa kwa nini suala la mlinzi na bili ya maji haliishi kwenye vikao.

Na ni kwenye vikao ndiko mambo yanakoharibikia. Mkutano unaitwa asubuhi ya siku ya kazi, wenye biashara Mbuyuni hawaji, wachache wanapitisha, kisha tunaambiwa ni makubaliano ya wazazi wote. Nenda, hata kama utafungua kibanda saa sita. Mchango wa hiari unaruhusiwa. Kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango huo hakuruhusiwi.

Akirudishwa, mrudishe shuleni siku hiyohiyo, wewe mwenyewe, kwa upole. Omba kuona muhtasari wa kikao. Omba waandike kwenye karatasi kwamba amezuiwa kuingia darasani kwa sababu ya hela; mimi bado sijaona aliyekubali kuandika. Mwalimu wa darasa usimfokee, ametumwa tu, na ndiye atakayeshinda na mwanao. Isipotosha, nenda kwa afisa elimu kata, halafu andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi.

Usimweke mtoto nyumbani kwa kugoma. Sheria ya Elimu ya 1978 inambana mzazi: mtoto wa miaka saba aandikishwe, ahudhurie mpaka amalize. Nimeshuhudia mama akiitwa kwa mtendaji kwa kosa la utoro wa mtoto ambaye shule yenyewe ndiyo iliyomrudisha. Andika tarehe aliyorudishwa.

Sasa hiyo Katiba. Ibara ya 11 inasema kila mtu ana haki ya kujielimisha, lakini ibara ya 7 imeshaifunga: hakuna mahakama inayoweza kuilazimisha serikali kutekeleza sehemu ya Katiba ambamo ibara ya 11 imo. Miaka ya 90 wazazi walilipia shule ya msingi huku ibara ya 11 ipo, hadi ada ikafutwa tena 2001. Ukivuka mpaka pale Holili, Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na imo kwenye sura ya haki. Michango huko haijaisha, tusidanganyane. Ila mzazi anao mlango wa mahakama wa kugonga.

Kwa hiyo mchakato wa Katiba mpya ukirudi na wakusanya maoni wakafika kwenye kata yako, usiishie kusema "elimu iwe haki", kwa sababu hilo tayari limeandikwa. Taja mahali: ihamie kwenye haki za msingi, zile za ibara ya 12 hadi 29 ambazo raia anaweza kuzidai Mahakama Kuu. Na useme "bila malipo" na "lazima" viandikwe katika sentensi moja, maana kwa sasa lazima imo kwenye sheria, bure imo kwenye waraka, na waraka hufutwa kwa waraka mwingine.