Kabla hujatangaza mtaani kwamba "umeingia jeshini"

Mwaka 2015 nimemaliza form six, jina likatoka kwenye orodha ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), nikapangiwa kambi ya Msange kule Tabora. Hata basi sijapanda nishampigia mama, "mama naingia jeshini". Mama akamwambia shangazi, shangazi akaambia kwaya nzima, na mjomba aliyekuwa anipigie tafu ya ada ya chuo akasema huyo si kashapata ajira, hela akanunulia bati. Miezi mitatu baadae narudi na kipara, ajira sina na ada sina.

Wadogo zangu, angalieni kitenzi. Mimi sikujiunga na chochote, niliitwa. Ndio mujibu wa sheria hiyo, unaitwa, unaenda, unamaliza, unarudi kwenu. JKT ipo tangu 10 Julai 1963 ila utaratibu huu wa kuita wasomi ulisimama 1994 ukarudi 2013, kwahiyo kaka zetu wengi hawakupitia na nyumbani unakosa hata wa kukuelewesha. Halafu mazingira yenyewe yanakudanganya: unaitwa kuruta (Wakenya wao kurutu), kila anayepita ni afande, mchakamchaka bado giza, siku ya kufunga gwaride na kiapo cha utii juu, sasa nani atakwambia wewe sio mwanajeshi?

Kujitolea JKT ni habari nyingine, hiyo ni miaka miwili, kuna posho, unajifunza kilimo, ujenzi, ufugaji, na ajira hawakuahidi, wanakwambia kabisa mapema. Inasaidia, maana matangazo ya kazi za ulinzi mara nyingi yanataka cheti cha JKT, lakini cheti sio barua ya ajira. Mtu akishaandikishwa JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania), akaenda depo, yaani chuo cha mafunzo cha jeshi lenyewe, huyo sasa ndio kajiunga. Huyo mfanyieni sherehe.

Bibi yangu yeye hakuwahi kusema baba yake alijiunga. Alikuwa anasema "baba alichukuliwa Keya", yaani lile jeshi la Mwingereza, KAR (King's African Rifles), wakapelekwa mpaka Burma kupigana na Mjapani. Alichukuliwa! Neno moja tu na unajua kabisa mzee hakuulizwa.

Ila neno la kuogopa kuliko yote ni kuingizwa. Ukisikia mtu anasema "nitakuingiza", "nina mtu wangu atakuingiza", hiyo -iza ya mwisho ndio hela yako inakopotelea. Kijana wa jirani yetu alitoa laki nane kwa jamaa aliyejiita afande, akatumiwa barua yenye muhuri kwa WhatsApp, akafunga begi akaenda mpaka getini na mlinzi akamuuliza umeitwa na nani, akabaki anaonyesha simu. Nafasi zikitoka zinatangazwa, fomu haiuzwi, na hakuna afande anayepokea ada ya usaili kwenye laini yake binafsi. Akikwambia ni siri usimwambie mtu, wewe mwambie baba yako hapohapo.

Mimi chuo nilienda mwaka uliofuata kwa mkopo. Mjomba mpaka leo nikimsalimia ananijibu "afande, marahaba", sijui ananitania au bado anaamini. Mama yeye kashapata neno lake, wageni wakiuliza anasema "huyu alipitia jeshi", na hapo simbishii maana kupita kweli nilipita.