Tanzania inavyoivuta Kenya kwa Kiswahili, na pale kamba inapokatika

Muulizaji ametaka kujua Tanzania inaishawishije Kenya bila mabavu, na kwa nini ushawishi huo mara nyingine hauzai. Najibu nikiwa Lamu, ambako suala la lugha lina uzito wake.

Muziki wa Bongo Fleva unasikika kila kona ya pwani, lakini hiyo ni kazi ya wasanii na soko. Chombo cha dola ni Kiswahili. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, ipo tangu 1967. Agosti 2019, mkutano wa SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, Dar es Salaam ulikifanya lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo. Novemba 2021 UNESCO ikaitenga 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tarehe hiyo inatokana na TANU, iliyokitangaza Kiswahili chombo cha kupigania uhuru 7 Julai 1954. Hapo ndipo penye ufundi: sisi Wakenya tunasherehekea lugha yetu wenyewe kwa kalenda ya chama cha Tanganyika, na hatuoni kama tumesukumwa.

Tarehe 5 Mei 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alihutubia Bunge na Seneti kwa pamoja mjini Nairobi, kwa Kiswahili. Hii ndiyo diplomasia ya umma hasa: mgeni anawafikia wavuvi na akina mama sokoni moja kwa moja, bila kungoja wabunge wawafasirie.

Inaharibikia wapi? Kwanza mpakani. Mwaka 2017 Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 kutoka Kenya, ikanadi ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya. Sababu za kisheria na za afya zilitolewa, lakini mfugaji aliyepoteza mifugo hasikii hotuba. Mvuto hujengwa kwa miaka, na afisa mmoja wa forodha huubomoa asubuhi moja.

Pili, umiliki wa lugha. Mwaka 1928, chini ya wakoloni, Kiunguja, Kiswahili cha Zanzibar, kilichaguliwa Mombasa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kiamu, Kiswahili cha Lamu na lugha ya tenzi nyingi za kale, kikabaki nje. Mhariri akimsahihisha mshairi wa Lamu kwa kuandika «mato» na «nti» badala ya macho na nchi, anamfukuza mtu aliyekuwa tayari upande wake. Hili linaniuma, maana kosa lake halina faida kwa yeyote.

Tazameni Maulidi ya Lamu katika msikiti wa Riyadha, uliojengwa na Habib Saleh, mtu wa asili ya Komoro. Wageni kutoka Zanzibar na Komoro huja kwa mapenzi yao. Tanzania ikitaka kutuvuta zaidi, iwalete wahariri wa kamusi wakae na washairi wa Kiamu, wayaingize maneno yao bila kuyapiga chapa ya «lahaja», na siku hiyohiyo malori ya mpakani Lunga Lunga yapite bila kusumbuliwa.